Uchawi wa kwa Mama Wote

Neno lenyewe walilichagua kwa kubishana, na hilo ndilo linalouma. Mtu akikosea kwa uvivu unamlaumu, mambo yanakwisha. Hawa wawili walikosea kwa bidii.

Dada alikuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi. Mdogo wake, ambaye nyumba nzima ya wapangaji ilimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikutakata hata akitoka kuoga, alikuwa bado shule, na katika maisha yake alipenda vitu viwili tu, dada yake na katuni. Katuni yenyewe ilikuwa ya Kijapani, yenye sifa dunia nzima, habari za kaka na dada walioiba uchawi uliokatazwa ili wairudishe siku ya jana, kabla nyumba yao haijaungua. Wino aliipata kwa muuza vitabu chakavu, juzuu mojamoja, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, lugha ambayo watoto walioshinda kwa mama yake wasingeielewa hata kidogo. Basi Dada akawa anatoa kopi za kurasa baada ya kazi, anafuta maneno kwenye viputo vya mazungumzo kwa rangi nyeupe, halafu wote wawili wanakaa kitandani kuyaandika upya kwa Kiswahili.

"Hapa tuseme nini?" Dada aliuliza. "Wamevunja sheria ya nini? Ya mazingaombwe?"

"Mazingaombwe ni yule jamaa anayekuja shuleni kutoa njiwa kwenye kofia," Wino alisema. "Hawa watu wanaungua mikono, Dada. Wewe unaniletea kofia?"

"Basi miujiza."

"Miujiza ni ya Mungu. Tena haijakatazwa."

"Maajabu?"

"Hata kuku mwenye miguu mitatu ni maajabu."

Dada alicheka, akaegemea ukuta. Alitafuna mfuniko wa kalamu kwa muda, kisha akaandika kwa herufi zake nzuri za kusimama: UCHAWI. Wakalitazama. Lilienea kwenye kiputo vizuri kabisa, halikuzidi wala halikupwaya. Wakaenda ukurasa uliofuata.

Mama yao alikuwa analea watoto wa watu. Asubuhi kina mama waliowahi kazini walimwachia vitoto vyao mlangoni, kila kimoja na kikombe chake na shuka yake ya kulalia, na jioni walivichukua vikiwa vimeshaogeshwa. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa chumba, ndiyo iliyomsomesha Wino, ndiyo iliyomfanya mwanamke huyu asiye na mume wala duka aitwe Mama Wote, hata na watu wasiojua jina lake. Alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kugeuza mgongo akifua nje, akasema bila kugeuka, "Mwache mwenzio avute pumzi," na ndani mtoto aliyemkalia mwenzake kifuani akashuka.

Saa ngumu ilikuwa mchana, baada ya kula, usingizi unapokuja na watoto hawautaki. Hapo ndipo Wino alipokuwa na faida. Akirudi shule alivua viatu, akakaa katikati ya mkeka na kuanza kusoma, akibadilisha sauti: ya kaka nyembamba, ya dada nzito kwa sababu dada ndiye shujaa, ya jitu la mlangoni kama mtu anayesukutua. Watoto walitulia tuli. Kaka na dada walipochora duara la majivu na kulizunguka kinyumenyume, watoto nao walisimama wakazunguka, wakiimba, "Jana, jana, rudi mlangoni!" mpaka wakaanguka chini kwa kicheko. Mama Wote aliwasikia akafurahi. Hakuwahi kuangalia kinachosomwa. Aliwaambia wenzake, kwa maringo kidogo, "Kwangu mimi watoto wanasomewa."

*

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Bonge, mwana wa fundi saa aliyepanga chumba cha mwisho katika nyumba ileile. Mama yake alifua nguo kwenye kiwanda cha dobi. Bibi yake, mama wa fundi saa, aliishi nao, lakini hakuwa na miguu ya kukimbizana na mtoto, kwa hiyo alishinda kwenye kiti, akitazama uani.

Jioni moja Bonge alichota majivu jikoni, akachora duara kuzunguka kiti cha Bibi. Akalizunguka kinyumenyume, akasema maneno yake yote bila kukosea hata moja. Bibi alimpigia makofi. Kabla chakula hakijaiva walimkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala mapajani, na maneno yote yamegeuka kuwa mmm.

Daktari alisema ni presha, ametumia dawa? Wakasema anatumia. Ukweli ni kwamba Bibi alikuwa ameziacha muda mrefu. Zilimpeleka chooni kila mara, na choo cha nyumba ile kilikuwa mbali, na aliona aibu kumwomba mkwewe amsindikize kila saa. Kila asubuhi alizitia kinywani mbele ya watu, akazitema kwenye shimo la maji machafu. Hilo alilijua yeye peke yake, na sasa ulimi ambao ungelisema ulikuwa umekufa ganzi.

Waliporudi kutoka hospitali, Mama Bonge aliona majivu sakafuni.

"Nani kamwaga majivu hapa?"

"Mimi," Bonge alisema. "Nilimfanyia Bibi uchawi."

Alisema kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha kwamba amevaa viatu mwenyewe. Mama yake alichuchumaa akamshika mabega.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Kwa Mama Wote. Kaka Wino anatufundisha kila siku tukishakula."

*

Asubuhi Mama Bonge alifika mlangoni bila mtoto. Mama Wote alimpokea kwa mikono miwili, maana habari za mgonjwa zilikuwa zimemfikia, na usiku alikuwa amelia.

"Pole sana, dada yangu. Bibi anaendeleaje?"

"Naomba kikombe cha mwanangu. Na shuka yake."

"Leo hashindi? Mlete tu, wewe una mgonjwa, utahangaika naye vipi?"

"Kikombe, Mama Wote."

Kikombe kililetwa. Mama Bonge alitoa mfuko wa nailoni, akauvaa mkononi kama glovu, akakishika kikombe kwa mfuko huo, akaugeuza ndani nje. Shuka aliikataa. Mama Wote aliutazama ule mfuko, akahisi uso wake unawaka.

"Kwani kuna nini? Nimekukosea wapi?"

"Muulize mwanao anawafundisha nini watoto wetu."

"Anawasomea hadithi tu!"

"Hadithi ya nini?"

Mama Wote aligeukia ndani. Akamwita Wino, aliyekuwa anafunga kamba za viatu aende shule. Wino alikuja mbio, akaeleza kwa adabu zote, huku mikono ameiweka nyuma.

"Shikamoo, Mama Bonge. Ni uchawi wa kitabuni. Si uchawi wa kweli."

"Wa kitabuni," Mama Bonge alirudia polepole. "Kumbe hata kitabu kipo."

Maneno yale yalitangulia kufika kila mahali. Mama mmoja alisema mwanawe sasa atashinda kwa shangazi yake. Mwingine alisema mama mkwe amekuja, anataka kukaa na mjukuu. Walisema kwa upole, wakiangalia chini, na kila mmoja alisema asante kwa yote. Mama Wote aliona afadhali yule wa mfuko wa nailoni, maana angalau alisema lililo moyoni. Hao wengine aliwajibu, "Haya, karibuni tena," akasimama mlangoni akiwapungia watoto ambao hawakujua wanaagwa.

Mkekani akabaki mtoto mmoja tu, wa mama asiyesikia umbea kwa sababu alifanya kazi zamu ya mbali. Naye akasikia.

Kazini nako Dada aliitwa na mwenye duka. "Hivyo vitu," mwenye duka aliuliza, akiikwepa mashine yake mwenyewe, "vilitokea humu?" Dada akakiri vilitokea humo. Mwenye duka hakumfukuza. Alimpa kitambaa na maji ya sabuni, akamwambia aifute mashine yote, ndani na nje, mbele ya wateja. Dada aliifuta.

*

Mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa reli, mtu mpole, anayependa mambo yaishe mapema ili akalale. Aliita kikao uani. Wapangaji walitoa viti na ndoo za kukalia. Bibi naye alitolewa, akaketishwa kwenye kizingiti cha chumba chake, mto mgongoni, mdomo ukimchuruzika mate, na Bonge akiwa amelala miguuni pake. Mama Wote na wanawe walikaa upande wao peke yao. Hakuna aliyewaambia wakae hivyo, ila viti vilijipanga vyenyewe.

"Mimi sitaki makubwa," Mzee wa Reli alianza. "Nataka tuelewane. Hicho kitabu kiko wapi?"

Dada alimpa juzuu ya kwanza, ile yenyewe, si kopi. Mzee alivaa miwani, akafungua jalada, akakutana na nyumba inayoungua na mtu asiye na uso. Akakunja ndita.

"Mbona kinaanza na mwisho?"

"Umekishika vibaya, mzee," Wino alisema, akitaka kusaidia. "Kinaanzia huku nyuma. Chote kinasomwa kinyumenyume."

Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe akampakata. Mzee wa Reli alikifunga kitabu, akakiweka chini taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali bila kujijua.

"Ni utaratibu wa kwao," Dada alidakia. "Kwao wanasoma hivyo, kutoka kulia. Vitabu vyao vyote!"

"Vya uchawi?"

"Vyote, mzee! Hata vya hesabu sijui..." Hakuwa na hakika na vya hesabu, na sauti yake ikamsaliti. "Na hilo neno ni kosa langu mimi. Ningeweza kuandika neno jingine. Lugha ya kitabu hiki ina neno lisilo baya, la watoto, la kuchezea. Sisi tuna hili. Nilikosa neno tu."

"Ungeandika lipi?"

"Mazingaombwe."

"Na ungeandika hilo," Mama Bonge aliuliza, machozi yakimtoka, "mama mkwe wangu angekuwa anaongea sasa hivi?"

Hakuwa akitafuta ushindi wala kukomoa. Alikuwa anaogopa, hajalala, na alitaka mtu amwambie ni kwa nini. Mume wake, fundi saa, alikohoa.

"Daktari amesema ni presha. Mimi nilikuwepo."

"Presha mama yako anayo tangu hujanioa. Mbona mdomo haukupinda? Kwa nini upinde siku ileile aliyochorewa?"

Fundi saa alifikiri. Alikuwa mtu wa kupenda sababu, lakini sababu ya jambo hilo hakuwa nayo, na mkewe alikuwa analia mbele za watu. Akainama.

"Sasa," Mzee wa Reli alisema, "uchawi ni uchawi, hata mkisema wa kitabuni. Tena mnasema wenyewe ni ule uliokatazwa. Aliyewafundisha watoto ni nani hasa?"

Hapo Wino akasimama. Hakuwa mjinga, na asidhaniwe hivyo. Alikuwa amesoma juzuu zote alizoweza kuzipata, na katika juzuu zote akitokea mmoja akabeba kosa zima, wengine huachiwa waende. Alikuwa amelifikiria jambo hili tangu mfuko wa nailoni. Sauti aliipata, ile nzito, aliyozoea kumsomea yule dada shujaa.

"Ni mimi," alisema. "Mama hajui lolote. Dada alinitolea kopi tu. Mchawi ni mimi. Niadhibuni mimi, wao waacheni."

Dada alimvuta shati akae, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Watu walirudi nyuma, ndoo zikakwaruza sakafu. Wino alibaki amesimama, akingoja mama yake aachiwe, lakini hakuna aliyemwachia.

"Mmesikia," mtu alisema huko nyuma. "Kwa mdomo wake."

"Na yeye kafundishwa na nani?" mwingine akauliza. "Mtoto mdogo hivi? Atautoa wapi kama si nyumbani?"

Macho yote yakamhamia Mama Wote. Wino aliyaona yakihama. Alifungua mdomo tena, "Hapana, nimesema ni mimi, mimi peke yangu," lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Mzee wa Reli aliinamia mbele, akashusha sauti kama mtu anayemtafutia mwenzake mlango wa kutokea. "Mama Wote, sisi tunakujua. Sema tu kwamba hukujua. Sema ni utundu wake, umpeleke kwa mjomba wake huko, akae. Hawa watu watarudisha watoto wao. Tuyamalize."

Mama Wote alimtazama mwanawe. Alitazama vile vidole vyake vyenye wino. Angeweza kusema, na nusu ya maneno ilikuwa kweli, maana kweli hakujua. Mikeka ingejaa tena. Alipiga hesabu hiyo yote kwa kufumba na kufumbua, na aibu ya kuipiga haikumtoka tena.

"Ni mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia awasomee."

Ndipo Bibi akaanza. Kwanza ilikuwa sauti ya chini, mmm, mmm, kisha ikapanda, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukainuka. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitaka kusema dawa. Alitaka kusema shimo la maji machafu, ambalo lilikuwa pale pale, nyuma ya mahali alipokaa Mama Wote. Akalinyooshea kidole kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Anamwonyesha!" Mama Bonge alipiga kelele. "Jamani, anamwonyesha!"

Bibi alitikisa kichwa, na hilo pia likasomwa vibaya. Akalia. Wakambeba kumrudisha ndani, huku akijaribu kujikwamua mikononi mwa mwanawe.

Mzee wa Reli alivua miwani. Hakuonekana kufurahi.

"Sikufukuzi," alimwambia Mama Wote. "Chumba utakaa. Lakini mtoto wa mtu asionekane tena mlangoni kwako. Siku nikisikia mtoto ameingia humo, hata kwa kunywa maji, nitataka chumba changu siku hiyohiyo."

*

Ndani Dada alimgeukia Wino. "Nani alikutuma? Ehe? Nani alikwambia usimame?"

"Nilidhani wataniadhibu mimi."

"Hawa si watu wa kwenye karatasi! Umetumaliza!"

Kisha alimkumbatia. Mama yao hakugomba. Aliwasha jiko, akapika, akapakua, na Wino alitamani agombe, apige, afanye lolote. Alikula kwa sababu aliambiwa kula.

*

Siku zilizofuata Mama Wote aliamka alfajiri kama kawaida, akatandika mikeka, akakumbuka, akaikunja. Alikwenda kuuliza kazi ya kufagia, wakamwambia watamwita. Wino aliacha kwenda shule, kwa kuwa huko nako neno lilikuwa limefika na lilimngojea langoni kila siku. Dada peke yake ndiye aliyetoka asubuhi.

Ilikuwa asubuhi moja kati ya hizo, Dada ameshaondoka, mlango ulipogongwa chini, usawa wa goti. Mama Wote alikuwa anachambua mchele. Hakuhitaji kuuliza. Aliijua mikono yote ile.

"Mama Wote! Nifungulie!"

Wino aliinuka. "Ni Bonge."

"Kaa."

"Mama, yuko peke yake."

"Nimekwambia kaa chini."

Alikwenda yeye mwenyewe mlangoni, akasukuma komeo mpaka likagota. Kupitia ufa aliona uani wanawake wawili wameacha kufua, wamesimama na nguo zinazochuruzika mikononi, wanatazama. Dirisha la Mzee wa Reli lilikuwa wazi. Chumba cha mwisho mlango ulikuwa wazi pia, na bila shaka Bibi alikuwa kwenye kiti chake, hawezi kumshika mtoto wala kumwita.

"Nenda kwenu, baba," Mama Wote alisema kwa sauti ndogo. "Kaa na Bibi."

"Bibi haongei na mimi."

Alijing'ata mdomo. "Nenda, utampigia makofi."

"Sitaki. Nataka kulala kwako." Mlango ulitikisika. "Mama Wote, nimebanwa na mkojo."

Ni yeye aliyemfundisha kusema kabla. Kwa wiki nyingi alikuwa amemkimbiza na kopo, amemsifu, amempigia vigelegele mbele ya wenzake, mpaka mtoto akaacha kabisa kujilowesha, na mama yake akaja siku moja kushukuru.

"Mama, tafadhali," Wino alisema, naye analia. "Nitoke mimi nimpeleke."

"Wakikuona wewe umemshika mkono?"

Wino akakaa.

"Mama Wote, unakuja! Unatoka!"

Aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, pale alipokadiria kichwa cha mtoto kilipo. Upande wa pili kikazuka kilio, si cha hasira, cha aibu, na maji ya moto yakapenya chini ya mlango yakamfikia vidole vya miguu. Uani bado walikuwa wanatazama, na hakuna aliyesogea kumchukua mtoto. Walikuwa wanangoja kuona kama atafungua.

Mama Wote alivuta pumzi. Akapaza sauti, ile kubwa aliyokuwa akiitia watoto chakulani, ili nyumba nzima isikie, na dirisha la mwenye nyumba lisikie.

"Mtoto wa nani huyu mlangoni kwangu? Mwenye mtoto aje amchukue! Mimi simjui! Mtoto wa nani huyu?"

Nje kilio kilikatika ghafla. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameulizwa, mtoto akajibu.

"Ni mimi, Mama Wote. Bonge."